Pepo Asiyeinua Madumu

Mgongo wa Mwanasha ulikuwa na adabu. Ulibisha hodi kwanza. Ulimvuta kidogo alipoinuka kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Kisha ukamkata pumzi alipotua madumu ya maji. Mwisho, asubuhi moja pale Mwabungo, ulimkamata akiwa ameinamia karai la mahamri yake ya kuuza, hainuki wala hakai, mpaka jirani yake Twaiba akaja kumnyoosha taratibu, kama mtu anayefungua mwavuli wenye kutu.

Kwenye kliniki ya viungo, Msambweni, Daktari Harrison alimpa dawa za maumivu, na pamoja nazo akamwandikia darasa la yoga kila Jumanne. Mwanasha aliuliza kama ndani yake mna ibada ya watu, maana yeye swala zake zinamtosha. Akaambiwa hamna, ni viungo na pumzi tu, kwani dawa peke yake haiuwezi mgongo unaoteswa kila siku. Kisha daktari akaongeza lililokuwa zito: asichote maji wala asikalie mbuzi mpaka atengemae.

"La sivyo, mama, utalala kitandani, na kuinuka kutakuwa kazi."

Mwanasha alikujua kulala huko. Mama yake alilala hivyo, akigeuzwa ubavu huu na ule na watoto wake, akiwaomba radhi kwa uzito wake mpaka siku aliyokufa. Aliliogopa jambo hilo kuliko kaburi lenyewe.

Akamweleza mumewe, habari za daktari na za mama yake, akaeleza mpaka machozi yakamlenga. Chirau huuza makuti kwa mahoteli ya Diani, na si mtu mbaya, ila barazani hutega masikio yote mawili na nyumbani huja bila hata moja.

"Mama Swabir," alisema, "tangu lini mwanamume akakuna nazi? Watu watanionaje?"

Swabir mwenyewe, mwana wao wa pekee, yuko Mombasa kazini. Basi Mwanasha akaendelea kubeba maji, na Jumanne akienda Msambweni kurekebisha alichokivunja siku nyingine zote.

Mwalimu wa yoga alikuwa Jemima, binti wa Nakuru mwenye sauti ya kubembeleza. "Haya wamama wangu, tunabreathe in, pole pole, usijiforce," husema, na wamama hushusha pumzi kama waliotua mizigo. Aliwaagiza wafanye na nyumbani pia. Mwanasha akatandika mkeka nyuma ya nyumba, na kwa kuwa leso ilimfunguka kila alipopiga magoti, akavaa suruali ya Chirau.

Hivyo ndivyo Twaiba alivyomkuta, alipochungulia kwenye ua wa makuti akitafuta chumvi ya kuazima. Na Twaiba hakuuliza. Ukimwona mama wa watu amevaa suruali ya mumewe, mikono na magoti chini, anapandisha mgongo na kupuliza kama paka aliyekanyagwa mkia, huulizi. Unakwenda kumwita mganga.

Aliporudi alikuwa na Chirau, aliyemtoa barazani, na Bi Esha mpunga pepo, na chetezo kinachofuka ubani. "Ni wa Kihindi huyu," Twaiba alinong'ona. "Nimewaona kwenye televisheni, hukaa vivi hivi."

Wakati huo Mwanasha alikuwa amejikunja, paji la uso mkekani, mapumziko ambayo Jemima huyaita mtoto. Akasikia miguu, akanusa ubani, akataka kuinuka aeleze. Ndipo akamsikia mumewe.

"Anataka nini? Mwulizeni anataka nini. Chochote, nitampa."

Ilimchoma. Miaka yote ya ndoa, hakuna aliyemwuliza Mwanasha anataka nini. Ikamchoma mpaka ikageuka, ikawa kicheko kinachotafuta njia, naye akakiziba kwa mkeka na asiinuke.

Bi Esha akapiga magoti, akajifunika pamoja naye shuka nyekundu, kama ada ilivyo. Mle ndani ya giza na moshi akasema polepole, "Nyonga ziko juu mno. Kalia visigino. Jemima hapendi hivyo."

"Bi Esha! Hata wewe?"

"Magoti, mwanangu. Mimi ni wa darasa la Alhamisi. Haya, sema upesi, ubani unakwisha."

Akatoka nje ya shuka, uso umemkauka. "Salaam, ewe mgeni. Kiti chako tunakijua, ni Mwanasha huyu uliyempanda. Umekijia kwa nini?"

"Kiti changu kimechoka," Mwanasha alijibu kwa sauti nzito ya tumboni. "Sitaki kiguse dumu. Sitaki kikalie mbuzi. Maji achote mume. Nazi akune mume. Na asitumie lile dumu la bluu, linavuja."

Bi Esha akamfinya.

"Na leso?" Twaiba aliuliza, kwa kuwa hajapata kusikia pepo asiyetaka leso.

"Doti moja, nyekundu. Na halua." Bi Esha akakohoa. "Nusu yake ya mganga. Na kila asubuhi nitacheza hapa mkekani, na mtu asinichungulie uani."

Twaiba akatazama vidole vya miguu yake. Chirau akakubali yote, mikono juu kama aombaye dua.

Tangu siku hiyo Chirau akachota maji. Akakuna nazi pia, vibaya mwanzoni, vidole vikichubuka na vifuu vikitoka na nyama nusu. Mgongo wa Mwanasha ukaanza kulegea, taratibu, kwa dawa, kwa mkeka na kwa pepo, kila kimoja kikijisifu peke yake. Ikafika siku akasujudu na kuinuka bila kujishika ukuta.

Hata hivyo moyo haukutulia. Alifurahi, na furaha ile ilikuwa na mwiba ndani: pepo amesikilizwa siku moja, na mke je? Asubuhi moja, akimtazama mumewe ameketi kwenye mbuzi, hakuweza kuvumilia.

"Baba Swabir, nikikwambia pepo ameondoka, utafanyaje?"

Chirau hakuacha kukuna. "Pepo gani atoke Bara Hindi, ajue kwamba dumu langu la bluu linavuja?"

Mwanasha akakaa chini. "Ulijua."

"Nilijua."

"Na ukanyamaza?"

"Nikimchotea mke maji, watanicheka barazani mpaka nizikwe. Nikimchotea pepo, wananipa pole na kunisogezea kahawa." Akageuza kifuu mkononi, hakumtazama. "Uliyonieleza ya mama yako niliyasikia, Mwanasha. Niliyasikia siku ile ile. Nilikosa pa kupitia tu."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Swabir azaliwe. Mwanasha akataka kumgombeza kwa siku zote alizobeba maji baada ya kusikiwa, na angemgombeza, lakini hodi ikapigwa. Alikuwa Chome, mume wa Twaiba, amesimama uani na wasiwasi wake. Mwanasha akajificha nyuma ya mlango.

"Chirau, ndugu yangu, nimekuja kuuliza. Huyu pepo wenu huambukiza?"

"Kwani kuna nini?"

"Twaiba tangu alfajiri yuko mkekani. Amevaa suruali yangu. Anataka kuni zipasuliwe, na mimi ndiye nizipasue."

Chirau akafikiri kwa uzito wa mtu mwenye ujuzi. "Mpe anachotaka," alisema. "Hawa wa Kihindi hawana mchezo." Kisha akainuka, akampisha kwenye mbuzi, akamtia kifuu mkononi. "Na kaa hapa kwanza, nikuonyeshe nazi. Kesho pepo ataiulizia."

Nyuma ya mlango Mwanasha alijiziba mdomo kwa leso yake nyekundu, akacheka mpaka akakunjika kiunoni, na mgongo wake haukubisha hata hodi.