Kulia kwa Dereva

Mjane aliyerithi gereji alikuwa na macho mawili kama watu wote, lakini siku hiyo yote mawili yalikuwa kwa shemeji yake. Gari la wagonjwa la zahanati lilikuwa limerudi likikohoa, taa ya injini inawaka, halina nguvu hata ya kupanda tuta. Na sensa ya presha, kile kidude kinachopima jinsi moshi unavyopita kwenye kichujio chake, ilibadilishwa wiki iliyopita tu. Yeye mwenyewe alimkabidhi shemeji ile mpya mkononi. Sasa kompyuta ilidai sensa ni mbovu, vilevile kama mwanzo.

Mpya gani hiyo inayokufa kwa wiki moja? Mjane alikuwa na jibu lake: shemeji kafunga ya zamani, mpya kaiuza. Huyu ndiye ndugu pekee wa marehemu aliyebaki naye pale; wengine walikuja msibani, wakalia, wakaaga. Akimfukuza, anabaki na vyuma. Lakini mwizi ni mwizi hata akiwa shemeji, alijiambia, na leo hii angemwonyesha mlango.

Tena shemeji alijichongea mwenyewe. Tangu asubuhi alikuwa akimbembeleza: jua kali, shemeji, kapumzike ofisini, nenda kanywe chai, gari hili niachie mimi. Kila alipoambiwa hivyo, mjane alivuta kiti karibu zaidi. Anamjua mtu anayetaka kuachwa peke yake na kitu.

"Ifungue hapa hapa," akamwambia. "Nikiona."

Dereva wa zahanati, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na breki, akasogea naye kutazama. Shemeji akalegeza skrubu, akaigeuza sensa, mipira yake miwili, ile mirija ya kuleta presha, ikiwa bado imechomekwa. Chini yake palikuwa na nukta ya rangi ya kucha. Mjane ndiye aliyeitia kwa siri kabla ya kumkabidhi. Ni ile ile, mpya. Badala ya kuona aibu, aliudhika, kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Akaamuru injini iwashwe. Mafuta yakakanyagwa, na tarakimu kwenye kompyuta zikashuka chini ya sifuri. Hilo alilijua: presha ikishuka hivyo, mipira imepishana, wa mbele ya kichujio umechomekwa mahali pa ule wa nyuma.

"Nani kafunga mipira hii?" akauliza kwa sauti iliyofika barabarani.

Shemeji alimtazama dereva, kisha akatazama chini. "Ni mimi."

Hapo ndipo mjane alipokumbuka. Wiki ile shemeji alikaza skrubu za sensa, kisha akaitwa hospitali kwa mwanawe kabla ya kuchomeka mipira. Alimwelekeza mjane kwa simu: mpira wa kulia ndio wa mbele. Mjane akachomeka akiwa amesimama mbele ya boneti, uso kwa uso na injini. Na pale gereji kulia ni kulia kwa dereva aliyekaa kitini. Marehemu alilisema hilo mpaka likachosha. Kulia kwake kulikuwa kushoto. Kumbe chai yote ile ilikuwa ya kumwondoa, mipira igeuzwe kabla dereva hajapata la kutangaza mji mzima.

Dereva alicheka, akamwambia shemeji kwamba hata toroli asingemwachia. Mjane angeweza kusema neno. Alinyamaza, na alijiona akinyamaza. Shemeji akageuza mipira, tarakimu zikapanda sawasawa, taa ya injini ikazimwa. Gari likaondoka na dereva wake akiwa bado anaongea.

"Shemeji," mjane akaanza, "mipira ile ni mimi..."

"Najua." Alikuwa akikusanya spana, akizipanga kwa ukubwa. "Na ile rangi ya kucha niliiona siku ile ile uliyonipa sensa. Nikasema ngoja, ataniuliza."

Akafunga sanduku la vifaa, akalisukuma mpaka miguuni pa mjane, na funguo zake juu.

"Kuna kazi nyingine leo, bosi?"