Boksi la Kivulini

Miaka kumi na tisa nimekaa pembeni mwa njia panda ile na cherehani yangu, nabadilisha zipu na kushona mikoba iliyochanika. Nilidhani nimeona kila kitu. Kumbe nilikuwa sijaona hata robo.

Asubuhi hiyo mjukuu wangu alikuja na gari la ngazi. Huyu ni mke mwenzangu. Tumemgombania babu yake tangu akiwa na meno mawili. Siku hizi ni fundi wa taa za barabarani, na ile ilikuwa njia panda yake ya kwanza kuifanya peke yake. Mkuu wake angekuja kuikagua saa nne. Ikimshinda, anarudishwa stoo kupanga nyaya.

Alifunga kamera juu ya nguzo, akashuka, akafungua kompyuta juu ya meza yangu.

"Bibi, njoo uone."

Nikaona. Mungu wangu! Njia panda nzima imo kwenye kioo, ndogo kama sahani ya chai. Akaburuza kidole, boksi likachorwa juu ya lami ya barabara kuu, na lami yenyewe nikiitazama haina hata alama ya boksi! Lori likaingia ndani yake, boksi likageuka kijani. Likatoka, rangi ikafutika.

"Kamera ikiona gari kwenye boksi, inaiambia taa kuna mtu anasubiri."

"Inajua anayesubiri?"

"Inajua."

"Mimi nilimsubiri babu yako aniombe radhi miaka arobaini, wala hakuna nguzo iliyosema neno."

Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kwenye barabara ndogo inayotoka zahanati pikipiki tano zilikuwa zimesimama, na taa yao nyekundu haibanduki.

"Dada, amsha taa yako!" mmoja akapaza sauti. "Imelala fofofo!"

Saa tatu na nusu. Mke mwenzangu jasho linamtiririka, anakagua waya, anafuta boksi la barabara hiyo ndogo, analichora palepale, nyuma ya mstari mweupe, kama alivyofundishwa. Boksi tupu. Pikipiki zikachoka, zikapita na nyekundu yao.

Nikatazama kioo, nikatazama barabara, nikacheka mpaka miwani ikadondoka.

"Umechora vizuri, mke mwenzangu. Ila umemchorea nani?"

"Wanaosimama kwenye mstari."

"Hapa nani anasimama kwenye mstari? Hapa watu wanasimama kivulini!"

Ni kweli. Bango la mabati hutupa kivuli hatua tatu mbele ya mstari. Jua likipanda, kivuli kinarudi nyuma, na watu wanarudi nacho.

"Nguo hukatwa kwa mwili, mama, haikatwi kwa karatasi."

Nikachukua chaki yangu ya kitambaa, nikaingia barabarani, nikachora kivuli cha asubuhi, kisha pale kinapofika mchana. Yeye akafuatisha kwenye kioo, boksi likarefuka.

"Sasa nijaribu na nini? Barabara ndogo sasa tupu!"

Nikashika toroli langu la cherehani, nikalisukuma hadi kivulini, nikasimama.

Boksi likageuka kijani. Nikahesabu pumzi sita. Halafu, juu kule, taa nayo ikageuka.

Kwenye barabara kuu malori, mabasi, gari jeusi la mtu mkubwa, yote yakasimama kimya, kwa sababu jicho dogo juu ya nguzo limemwona bibi kizee. Nikasahau hata kuvuka.

"Bibi, toka! Imekuita gari!"

"Gari gani?"

"La zamani."

Saa nne mkuu wake akafika. Pikipiki mbili zikaja, zikasimama kivulini mwao, na taa ikazifungukia. Akauliza mbona boksi limepita mstari. Mjukuu wangu akamwonyesha bango, halafu chaki. Mkuu akaitazama lami, akatia sahihi.

Mpaka leo, nikifika asubuhi, napitisha toroli kivulini. Sina haja ya kuvuka. Nataka tu inione.