Bastola Iliyojibu Kutoka Ziwani

Mume wangu Duane na kaka yangu Arvid Kallio walibishana juu ya bastola kwa miaka mingi, na sikuwahi kuona ubishi uliowaburudisha watu kama ule. Huku kwetu kaskazini mwa Michigan msimu wa baridi hauishi upesi, na wanaume wakikosa la kufanya huenda dukani kwa Roscoe Pelkie, muuza silaha, wakaegemea kaunta na kunywa kahawa yake.

Arvid alibeba bastola ya chuma kitupu, nzito, aliyopewa na baba. Baba alinunua mbili zilizofanana kama mapacha: moja akampa Arvid, nyingine akampa Urho, mdogo wetu wa mwisho. Ya Urho ilizama naye. Barafu ilimpasukia akiwa anavua kwenye Ziwa Otso, upande ule mto unakoingia, na hatukumpata yeye wala bastola.

Ya Duane ilikuwa ya kisasa, mwili wake plastiki ngumu nyeusi, nyepesi hata akasahau kwamba ameivaa. Arvid hakuweza kuiona akanyamaza. Alimwambia hiyo ni ya watoto kuchezea bafuni. Kwamba mtu wa chuma risasi zikimwishia bado ana nyundo mkononi, ila yeye atabaki na kopo la maziwa. Duane alimjibu kwamba kutembea na tofali kiunoni si uanaume, na kwamba plastiki haishiki kutu wala haigandi kwenye kiganja. Watu dukani waligawanyika. Verna Maki, aliyekuwa dereva wa basi la shule, alikuwa upande wa plastiki kwa sababu ya vidole vyake vyenye baridi yabisi. Wengine walisema plastiki inaruka mno mkononi ukifyatua, chuma kinatulia. Roscoe aliuza za aina zote mbili, kwa hiyo alizisifu zote.

Februari iliyopita, asubuhi ya jua, hao wawili walikwenda kuvua. Walivuta sleji yao ya kubebea vifaa mbali ziwani, wakatoboa mashimo kwenye barafu, wakakaa. Baada ya chakula cha mchana upepo uligeuka ghafla ukaanza kupeperusha theluji. Duane anasema hata mbingu hakuiona tena. Chini weupe, juu weupe, na shemeji yake aliyesimama hatua chache tu alikuwa kivuli. Simu hazishiki mtandao kule ziwani.

Arvid akavua glavu, akatoa bastola yake ili apige risasi tatu hewani, ishara yetu ya kuomba msaada. Haikulia. Akaikoki upya, na kile kipande cha juu kikarudi polepole kama kilichochovywa kwenye asali, kikakwama katikati. Alipotaka kubadilisha mkono, chuma kilikuwa kimeganda kwenye kiganja chake. Kilipobanduka kiliondoka na ngozi.

Duane akatoa yake, akapiga tatu bila taabu. Anasema hata katika hali ile alitaka kucheka.

Kisha wakajibiwa. Risasi tatu, zimeachana sawasawa, kutoka mkono wa kulia.

"Hiyo ni ya chuma," Arvid akasema.

"Shemeji, hakuna anayeweza kujua hilo kwa mlio."

"Mimi najua. Nililala chumba kimoja na hiyo bastola miaka yote ya utoto wa Urho."

 Duane alikuwa na hakika kwamba nchi kavu iko kushoto, kwa jinsi upepo ulivyompiga shavuni, na alimsihi waelekee huko. Arvid alikwisha kuanza kutembea kuelekea kulia. Kwa kuwa hakutaka kumpoteza, Duane alimfuata. Kila walipopotea Duane alipiga moja, na kila mara walijibiwa, karibu zaidi, mpaka wakagonga nguzo za gati la zamani, lile lililoachwa na wakata magogo. Walikuwa wamefika ufukoni.

Waliita. Hapakuwa na mtu. Theluji chini ya nguzo ilikuwa laini kama shuka lililotandikwa, haina alama ya mguu. Juu yake yalikaa maganda matatu ya risasi. Upepo ulikuwa ukifunika kila kitu, lakini hayo haukuyafunika. Yalikuwa ya kijani, kama shaba iliyolala majini muda mrefu. Arvid aliyaokota akayatia mfukoni.

Hapo ndipo walipoisikia tena, nyuma yao sasa, kutoka katikati ya ziwa. Tatu.

Arvid akageuka. "Anaita," akasema. "Nipe yako nimjibu."

Duane alikataa. Alimshika mshipi wa koti kwa mikono yote miwili, akakaa kitako kwenye theluji ili awe mzito. Arvid hakupigana naye. Alisimama tu akitazama weupe ule, damu ikimdondoka kiganjani, mpaka milio ikawa mbali na upepo ukaimeza.

Kesho yake kulikuwa shwari. Duane na Roscoe walipita kando ya ziwa kutafuta sleji, na kule Duane alikotaka waelekee, kwenye mdomo wa mto, waliona maji meusi yako wazi, yanafuka mvuke. Aliporudi alinieleza yote akiwa amesimama jikoni, viatu mguuni.

Roscoe aliifungua bastola ya Arvid akacheka. Ilikuwa imepakwa grisi nzito ya trekta, nayo iliganda kwa baridi. Alimwambia Arvid kwamba kosa si la chuma, apake mafuta mepesi kidogo tu na itaimba hata Januari. Dukani wote walimgeukia kaka yangu wakingoja ajigambe. Badala yake akaomba auziwe ya plastiki.

Verna akapiga makofi, na watu wakampongeza Duane kwa kushinda. Duane hakuinua macho kutoka kwenye kikombe chake. Roscoe akauliza anataka ipi.

"Itakayolia hata ikizama," Arvid akasema.

Tangu hapo, theluji ikianza kupeperuka mimi humpigia simu. Huwa anapokea. Jumapili iliyopita hakupokea, nikaendesha gari mpaka gatini. Nilimkuta amekaa kwenye ubao uliobaki, bastola mpya mapajani, kofia imefunuliwa masikioni.

"Kaka, utaganda hapa."

"Leo kimya tu, Marlys," akasema. "Labda kachoka."

Nikakaa kando yake, nikamfunika masikio kwa mikono yangu na kumwambia kwamba nimeacha nyama motoni. Alikubali kuinuka. Nilimpeleka kwa gari mpaka kwangu, akala vizuri, akamtania Duane kidogo kuhusu supu.

Sikumwambia, na sijamwambia Duane, kwamba nilipokuwa nateremka kutoka barabarani kuelekea gatini nilisimama mara mbili kusikiliza. Zilikuwa risasi tatu, zimeachana sawasawa. Arvid alikuwa karibu na ziwa kuliko mimi, na hakuzisikia.

Mimi sina bastola ya kumjibu. Sijawahi kuwa nayo.