Programu Mbili, Uso Mmoja

...sasa hii ya kwanza au ile nyingine, eti bibi ndiye aseme, bibi ambaye hajui a wala be, anayeijua kompyuta kwa vijipicha vyake tu, ndoo ya kumwaga rangi, kifutio, kijicho ambacho ukikifumba tabaka zima la mchoro linapotea, ukikifumbua linarudi, laiti na wafu wangekuwa na kijicho... "Bibi, umelala?" mjukuu anauliza, kalamu isiyo na wino mkononi, "Sijalala, mke mwenzangu, natazama," na kweli anatazama, programu mbili za kuchorea zimekaa bega kwa bega kwenye kioo, moja itafutwa leo, kompyuta imeshiba, haina pa kuziweka zote, na ukurasa wa kwanza wa hadithi ya michoro anayoitunga mjukuu unaanza na uso wa marehemu, mama yake huyu huyu mjukuu, aliyemwacha ananyonya, picha yake ya pekee ikaliwa na unyevu, kwa hiyo uso wote uko kichwani mwa bibi, bibi akizimika nao umezimika... "Ona, hii inanyoosha mstari yenyewe, hata mkono ukitetemeka," na mstari unateleza kama hariri, uso unatoka mzuri, mzuri mno, ndivyo bibi alivyomsimulia miaka yote, mama yako uso wake kama yai lililomenywa, hana hata doa... "Hii nyingine mbishi, lakini brashi nimeitengeneza mwenyewe, nimeipunguzia ulaini, nimeitia ukwaruzo wa chaki," na anauchora uso upya, chaki, ndiyo, chaki ya fundi cherehani, kazi ya bibi ya zamani, ile meza ndefu, na mkasi aliouviringishia kitambaa kwenye mshikio mpaka ukamjua kidole gumba, hakuna mwingine aliyeuweza, basi hilo analielewa, chombo si chako mpaka kikufuate mkono, na pale mezani pasi ya mkaa, na chini ya meza binti yake wa miaka minne anachezea vipande vya vitambaa, na yeye, hakuwa bibi wakati ule, akageuka kumjibu mteja, sijui pindo, sijui kola, akaitua pasi ukingoni bila kutazama... "Aa, mkono umeteleza!" mjukuu anasonya, na kwenye shavu la kushoto, karibu na taya, brashi mbishi imeacha mkwaruzo, mfupi, umepinda kama ukucha, na bibi anasogeza uso kwenye kioo, maana huyu ndiye, yule laini hakuwa mtu, huyu ndiye aliyekuwa akicheka anainamisha shavu hilo, mpaka siku ya harusi yake akaliinua mbele za watu, akanong'ona, "Mama, acha kuniangalia hapo, mimi nimeshazoea, wewe bado," na bado, mpaka leo bado, miaka yote anasema anampamba marehemu, kumbe anajipamba mwenyewe... "Ngoja nifute," kalamu inashuka, umebaki unywele mmoja kugusa kioo, na akinyamaza basi, imekwisha, hatajua mtu, mjukuu ataendelea kumpenda vile vile, akisema huenda asimpende, haya, asimpende, lakini amjue mama yake... "Usifute." Kalamu imesimama hewani. "Kwa nini, bibi? Si kosa hili?" "Kosa, ndiyo," anasema bibi, "lakini si lako, mwanangu. Hapo ndipo nilipomuunguza."