Kiganja cha Baba Watoto

"Kiganja ni kiganja!" mume wangu alifoka, shavu moja bado limejaa. "Nesi alisema nile kiganja kimoja cha karanga. Nimetii. Sasa kosa langu liko wapi?"

"Liko mwishoni mwa mkono wako," nikamjibu. "Nesi alisema kiganja, hakusema beleshi."

Alikuwa amesimama juu ya mizani ya bafuni, niliyoileta sebuleni ili familia nzima ishuhudie. Familia nzima ni mimi na binti yetu wa kidato cha pili, ambaye aliinama akasoma namba kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: "Miaaa moja na mbili!"

Wiki tatu zilizopita ilikuwa mia moja na moja. Wiki tatu za wali usio na mafuta, chai isiyo na sukari na manung'uniko yasiyo na mwisho, na bwana mkubwa kaongeza kilo nzima. Hongera zake. Wenzake hunenepa kwa kula. Wangu ananenepa kwa kujinyima.

Siku nyingine ningecheka. Lakini mume wangu anapaka rangi maghorofa kwa nje, ananing'inia kwa mkanda wa usalama, na mkanda huo umeandikwa uwezo wake: kilo mia, basi. Kazini wanamwita Mifuko Miwili, maana mifuko miwili ya saruji ni kilo mia kamili. Ulikuwa utani mpaka afisa usalama alipokuja na mizani yake, akakuta mifuko miwili na nyundo juu yake. Akampa mwezi mmoja apungue, naye akaenda kwa nesi wa zahanati. Zilikuwa zimebaki siku kumi. Akishindwa, anashushwa chini kulinda stoo ya makopo ya rangi. Fundi mwenye miaka kumi na tisa kazini, mlinzi wa makopo!

"Karanga ni dawa," alisema akiteremka. "Nesi mwenyewe kasema zina mafuta mazuri kwa moyo, tena zinashibisha. Badala ya biskuti, nile karanga."

"Badala ya biskuti, ndiyo. Wewe umezila badala ya biskuti, badala ya mkate na badala ya kusikia."

Nikaenda kuchukua mizani ya jikoni. Mimi nina diploma ya utunzaji stoo, na kitu kisichopimwa sikiamini, hata kikiapa. Nikaiweka mezani pamoja na ndoo ya karanga. Ndoo, ndiyo. Wifi yangu alisikia kaka yake anajinyima, moyo ukamuuma, akatuletea ndoo nzima ya karanga za kukaanga. Huruma ya wifi haina kifuniko.

"Chota," nikasema. "Chota vile unavyochota kila siku. Usione haya, hapa ni nyumbani."

Akachota. Mkono ulioshika brashi pana miaka yote hiyo si mkono tena, ni sinia. Punje zilirundikana, nyingine zikatiririka hadi kwenye saa yake.

"Gramu sabini," binti akasoma.

"Nesi aliandika ngapi?"

Karatasi ya nesi ilikuwa mlangoni pa friji tangu siku ya kwanza. Tuliitendea kama picha ya harusi: ipo, inaonekana, hakuna anayeiangalia. Binti akaenda kuisoma. "Kiganja kimoja kwa siku, gramu thelathini. Amepigia mstari, baba. Mara mbili."

"Na wewe unachota mara ngapi?" nikauliza.

"Asubuhi." Akakuna kidevu. "Na mchana."

Tukamsubiri.

"Na nikishuka."

Binti akabonyeza simu yake. "Kalori elfu moja na mia mbili. Ni kama sahani tano za wali, baba. Juu ya wali wenyewe."

"Mbona mama yako naye anaonja!" alilipuka. "Akikaa na hiyo ndoo, mkono haupumziki. Mpime na yeye!"

"Ni kweli, mama, unaonja," akasema yule msaliti niliyemzaa mwenyewe.

"Naonja," nikakubali. "Lakini mimi sining'inii popote."

Mume wangu akakaa, akamwaga karanga zake mezani, akaanza kuzipanga kwa kidole kama mtoto aliyenyimwa chakula.

"Unajua kwa nini nazibeba?" akasema taratibu. "Njaa ikinishika kule juu, mikono inatetemeka. Chini ya miguu kuna ghorofa kumi na nane, mama watoto. Nikitafuna kidogo, inatulia. Nikahofia hicho kidogo hakitoshi, ndiyo nikawa naongeza."

Nikaisogeza ndoo mbali na mkono wake.

"Basi tusizitupe," akasema kabla sijafungua mdomo. "Nipe zile za nesi, gramu thelathini. Nizile mchana, nikiwa huko huko juu. Asubuhi sitaki, jioni sitaki. Na hiyo ndoo itoke humu leo, maana nikiiona tu nimekwisha."

"Leo lini?"

"Sasa hivi."

Binti akachana daftari la mwaka jana. Nikapima, akafunga: vifurushi kumi vya karatasi, gramu thelathini kila kimoja, vidogo hadi vinatia huruma. Baba yake akabeba ndoo na karanga zilizobaki kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwenye wana sita, wote wembamba. Alienda kwa miguu, kwa amri yangu.

Alirudi anatota jasho, mikono mitupu, shavu linacheza.

"Unatafuna nini?"

"Moja tu, ya njiani."

Nikafungua kifurushi cha kesho mbele ya macho yake, nikatoa punje moja kulipia ile ya njiani. Mkono wangu ukaanza wenyewe kuelekea mdomoni.

"Mama," akasema binti.

Nikampa binti ile punje, nikakifunga kifurushi upya.