Kushindwa kwa Adabu

Kabla jina la Marcelino halijaanza kubandikwa kwenye kuta za Mbeya na Iringa, kabla watu hawajaanza kuacha pombe zao nusu ili wakamtazame akicheza, alikuwa mtu wa kushindwa. Na tusimwonee: kushindwa ndiyo ilikuwa kazi yake, na aliifanya vizuri kuliko wengi wetu tunavyofanya za kwetu.

Klabu ya wazungu wa mashamba ya chai, huko Mufindi, ilikuwa na meza moja ya biliadi. Marcelino, mtu wa Igowole, aliitunza miaka tisa. Aliipiga brashi, akakinyoosha kitambaa chake kwa pasi, akahesabu pointi za mabwana. Bwana aliyekosa mwenzake alimwita ashike fimbo wacheze. Hapo palikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: mtunza meza asimshinde mwanachama, wala asishindwe vibaya, maana bwana akigundua kwamba anaachiwa atanuna. Ashindwe kwa pointi tatu, nne, huku akitikisa kichwa kwa masikitiko. Wenzake wa jikoni waliuita mtindo huo kushindwa kwa adabu. Nanyi jaribuni muone. Ili ushindwe kwa pointi nne kila jioni, lazima uwe na uwezo wa kushinda kwa arobaini.

Mwaka 1954 Isihaka, mfanyabiashara wa Mbeya ambaye babu yake alitoka Kilwa, alinunua meza ya hoteli iliyofungwa Chunya baada ya dhahabu kupungua, akafungua ukumbi pembeni mwa duka lake. Akatangaza kuwa anataka mchezaji wa mshahara, wa kucheza Mbeya na kuzunguka mpaka Iringa. Watunza meza wakaja kushindana. Jumapili ya mwisho, baada ya misa, walibaki wawili: Marcelino, na Asukile wa Tukuyu, bwana mrefu mwenye maneno mengi. Refa alikuwa Isihaka mwenyewe.

Marcelino alikuwa ameshaaga klabuni. Akiikosa kazi hii, hana pa kurudi. Lakini hakumwogopa Asukile. Aliuogopa mkono wake mwenyewe, ambao tangu mchezo uanze ulikuwa ukikosa mipira myepesi kwa mazoea tu. Mkewe Apolonia, mchuma chai, alikaa benchi la nyuma akiona kila kitu.

Asukile alikuwa na arobaini na nane, Marcelino arobaini na moja, na mpira mwekundu mmoja tu umebaki. Marcelino akautumbukiza. Kwa sheria, ukishaingiza mwekundu, unataja rangi unayoifuata kabla hujapiga.

"Majani ya chai," akasema, kama walivyozoea kusema kwao, akautumbukiza wa kijani.

"Faulu," akasema Isihaka. "Umetaja wa kahawia, umeingiza wa kijani. Pointi nne kwa Asukile."

"Mzee, majani ya chai si ndiyo kijani?"

Isihaka akaenda dukani kwake, akarudi na kopo, akalifungua. "Nauza chai mwaka wa ishirini huu. Hii ni kijani?"

Majani yalikuwa makavu, ya kahawia iliyokolea. Watu wa mjini wakacheka. Apolonia akasimama.

"Mzee wangu, hayo yameshakaushwa. Mimi ndo nachuma kila siku. Shambani ni kijani."

"Mama, hapa si shambani. Nimeshaamua."

Macho yote yakamgeukia Asukile, ambaye kwao Tukuyu chai imejaa milimani. Asukile akaipaka chaki fimbo yake, akaipaka tena.

"Mi nakunywaga maziwa tu," akasema.

Ukumbi ukaangua kicheko. Apolonia akaketi, akaificha chini ya kanga mikono yake iliyotiwa weusi na utomvu wa chai. Marcelino akamwona. Mpaka hapo alikuwa karibu kufurahi, maana amepata sababu nzuri ya kushindwa, sababu ambayo hata nyumbani wangeikubali. Sasa hasira ikampanda, na ilikuwa hasira njema.

Wa kijani ukarudishwa mezani, maana wekundu wakiisha rangi huingizwa kwa zamu, kuanzia wa njano wenye pointi mbili, kila mmoja ukizidi uliotangulia kwa pointi moja. Asukile akaingiza wa njano, akakosa wa kijani. Hamsini na nne kwa arobaini na mbili.

Marcelino akaja. Akaingiza wa kijani. Akaingiza wa kahawia, ambao sasa ukumbi mzima uliuita majani ya chai. Akaingiza wa bluu, kisha wa waridi, na mtu mmoja mlangoni akawa anahesabu kwa sauti bila kujijua. Sitini kwa hamsini na nne, na umebaki mweusi peke yake, wenye pointi saba.

Haukuwa mgumu. Ulikuwa karibu na tundu la kona, na kwa miaka tisa mipira kama huo ndiyo aliyokuwa akiikosa. Akiukosa, Asukile atauingiza, na Marcelino atakuwa ameshindwa kwa pointi moja. Adabu ya kupita zote. Akausikia mkono ukilegea wenyewe, ukijiandaa kukosa. Akaiinua fimbo, akasimama wima, akavuta pumzi. Kisha akainama tena na kupiga kwa nguvu zaidi ya zilizohitajika.

Mweusi ukaingia kwa kishindo. Watu wakapanda juu ya mabenchi.

"Sitini na saba kwa hamsini na nne," akatangaza Isihaka, akamshika mkono. "Bwana Marcelino ndiye mchezaji wa ukumbi huu, na kesho anaanza kazi. Nawe mama, nitakuja Mufindi unioneshe hiyo chai yako."

Asukile naye akaja kumpa mkono, akicheka. Apolonia akapenya kati ya watu mpaka mezani, akamkuta mumewe ameegemea fimbo, machozi yanamtoka na wala hayafuti.

"Baba Esta, umeshinda, mbona unalia?"

"Hii ya leo naifurahia," akasema Marcelino. "Nalilia ile miaka tisa."