Lozi Itaamua

Mwaka ule nilichoka tangu Novemba. Kazi ilikuwepo, sikatai: mioyo ya karatasi nyekundu na nyeupe ya kusuka, bendera ndogondogo za kuzungusha kwenye mti wa Krismasi, biskuti aina saba, kwa sababu mama yangu alioka aina saba na mimi sikutaka kuwa mtu wa kwanza katika ukoo kuoka sita. Lakini si kazi iliyonimaliza. Nilichoshwa na kuijenga Denmark upya kila Desemba kwenye ghorofa ya nne mjini Fuengirola, Hispania, ambako mchana wa Krismasi watu wanapita na kaptura. Kwetu tuna neno, hygge, ule utamu wa kujibana ndani karibu na mshumaa wakati nje baridi inauma. Sasa niambie, utajibanaje na mlango wa roshani uko wazi na jirani anafuta jasho?

Mume wangu Ejvind hakuchoka. Ejvind alikuwa mkata tiketi wa treni kwetu Hobro miaka thelathini na minne, na baridi yabisi ilimkunja vidole mpaka ikawa namfunga vifungo vya shati mimi. Tulipohamia Hispania, wiki ya tatu tu akafunga vifungo mwenyewe, akaja kunionyesha sebuleni kama mtoto aliyejifunza kuendesha baiskeli. Miaka kumi na miwili sasa, kila asubuhi anateremka uwanjani kucheza mchezo wa kurusha vitufe, mipira midogo ya chuma, na wastaafu wenzake, na wamemfanya mwenyekiti. Hobro hakuwahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote.

Mimi nilichopata huko ni jua. Duka la dawa bado naonyesha kwa kidole panapouma. Wajukuu zangu nawaona kwenye simu, wanakua kwa kurukaruka, leo mtoto, kesho ana masharubu. Nilitaka kurudi nyumbani. Nilitaka kulisema jambo dukani na kueleweka mara ya kwanza.

Mwezi wa kumi ikaja barua kutoka halmashauri ya Hobro. Nyumba ya wazee, chini, hakuna ngazi, mitaa miwili kutoka kwa binti yetu Annelise. Nilikuwa kwenye foleni yake miaka minne. Jibu lifike kabla ya tarehe mbili Januari, na ukikataa unarudishwa mwisho wa mstari. Nilikuwa na miaka sabini na mitano. Mtu wa umri huo harudishwi mwisho wa mstari akafika tena mbele.

"Bodil, mimi kule ni maiti," Ejvind akasema. "Novemba mpaka Aprili nitakaa dirishani nahesabu magari."

"Na mimi hapa ni nini?"

"Wewe hapa una jua."

"Jua nimeshaliona, Ejvind."

Tulizunguka hapohapo wiki nzima, tukanuniana, tukapikiana kahawa bila kusemezana. Halafu asubuhi moja akaweka kikombe chini akasema, "Basi, lozi itaamua."

Ndivyo alivyo. Jina la mbwa wetu wa kwanza tuliliamua kwa karata. Hata hiyo nyumba ya Fuengirola aliichagua kwa kurusha sarafu ndani ya ndege, ikaanguka kwenye mapaja ya bibi mmoja aliyekuwa amelala.

Lozi yenyewe kila mtoto wa kwetu anaijua. Mkesha wa Krismasi, baada ya nyama ya nguruwe, huletwa wali wa maziwa uliopoa, umechanganywa na krimu na lozi zilizokatwakatwa, na juu yake unamwagiwa mchuzi wa moto wa cheri. Ndani ya bakuli zima lozi moja tu huachwa bila kukatwa. Atakayeipata haisemi. Anaificha shavuni, anakaa kimya, anawaacha wenzake wajishindilie wali mpaka bakuli likwanguliwe, na hapo ndipo anaitoa na kuchukua zawadi ya nguruwe mdogo wa peremende ya lozi. Ni mchezo wa unafiki, na sisi huwafundisha watoto wetu kabla hawajajua kusoma.

"Nikiipata mimi tunabaki," Ejvind akasema. "Ukiipata wewe tunarudi."

"Na wale wageni wetu wawili wakiipata?"

"Tunabaki. Mtu hahami bila kushindwa."

"Yaani wewe una nafasi tatu na mimi moja."

"Ndiyo mchezo wenyewe, mama." Ananiita mama tangu Annelise azaliwe, kama baba yake alivyomwita mama yake.

Ningeweza kubishana. Sikuwa na nguvu. Nikaenda jikoni, na hukohuko jikoni wazo la wizi likanijia nikiwa nimesimama na kitambaa cha vyombo mkononi. Sikujitetea hata kidogo. Nilikuwa nimecheza haki miaka sabini, na haki haikuwahi kunipandisha ndege.

Wageni walikuwa Villy na Jonna wa ghorofa ya pili, watu wa Esbjerg, Denmark kama sisi. Villy alikuwa dereva wa basi na hajui kuongea taratibu. Walifika saa kumi na mbili kasorobo, yeye amevaa koti la suti, tai, na kaptura.

"Villy, suruali umeisahau wapi?" nikamuuliza mlangoni.

"Juu nimevaa Denmark, chini nimevaa Hispania. Jonna kanikataza, nimemwambia aniache nife na raha zangu."

"Ungekufa kweli ningekuzika hivyohivyo," Jonna akasema, akanikabidhi chupa ya pombe kali.

Tulikula vizuri, lazima niseme. Ngozi ya nguruwe ilikauka ikawa inalia chini ya kisu, na viazi vya kukaangwa kwa sukari vilitoka na rangi ya asali. Kabichi nyekundu niliipika tangu juzi yake. Ejvind alinyanyua glasi, akanisifu mbele za watu kama anavyofanya kila mwaka, kwa maneno yaleyale, na Villy akaila nyama mpaka akafungua kifungo. Mishumaa mezani iliinama kwa joto nikainyoosha kwa vidole. Wakati wote huo, ndani ya mfuko wa aproni yangu, kwenye kipande cha karatasi laini, kulikuwa na lozi moja nzima niliyoimenya mchana.

Wali ni kazi ya Ejvind. Ndicho chakula pekee anachopika mwaka mzima, na hukipakua mwenyewe, amesimama, amekaza tai, mtu mwingine hagusi upawa. Alimpakulia Jonna, akampakulia Villy, akanipakulia mimi, akajiwekea mwenyewe mwisho. Nilijifuta mdomo kwa kitambaa, na kitambaa kiliporudi mapajani lozi ilikuwa tayari chini ya ulimi wangu. Nikaisukuma shavu la kushoto. Rahisi hivyo. Nikajisikia mzee na mwovu.

Nikala kijiko kimoja. Cha pili, jino langu likagonga kitu kigumu.

Niliviringisha kile kitu kwa ulimi. Kirefu, kimechongoka upande mmoja. Lozi nzima, ya halali, ilikuwa imekuja kwangu yenyewe. Nikaisukuma shavu la kulia nikabaki nimeduwaa, mashavu yote mawili yamejaa. Kutafuna nisingeweza, maana meno yangu ya bandia yakivunja lozi nyumba nzima inasikia. Kumeza niliogopa.

"Aha!" Villy akanguruma. "Nani ananyamaza? Mke wangu ananyamaza!"

"Mimi nanyamaza kwa sababu nakula, mjinga wewe. Muulize Bodil."

Nikatikisa kichwa, nikachota wali, nikaupitisha katikati ya zile lozi kwa shida.

"Jamani, imekwenda wapi hii?" Ejvind akasema kwa sauti ya juu, akajiongezea bakuli la pili. "Mwaka huu imejificha kweli!"

Hapo nikamtazama. Ejvind nimemwona akila wali huo mikesha arobaini na tisa. Huwa anaupekua. Kila kijiko anakigeuza, anakibonyeza kwa ncha ya uma, anakikagua kama tiketi ya abiria anayemshuku, na tunamcheka. Usiku ule hakupekua kitu. Alikuwa anachota na kumeza, anachota na kumeza, macho ameyapeleka nje ya roshani, kule chini kwenye uwanja wa vitufe, na katikati ya vijiko anakumbuka kulalamika kwamba hajaiona lozi. Alijua haimo kwenye bakuli lake. Alijua iko wapi kwa sababu ndiye aliyeipakua.

Wali ukaisha. Villy akakwangua bakuli, akagonga meza kwa kijiko. "Haya, mwizi ajitokeze! Bodil, fungua mdomo. Nimekuangalia, umevimba kama mwenye matubwitubwi."

Ningeweza kutoa moja na kuificha ya pili. Kitambaa kilikuwa mapajani. Lakini nilikuwa nimechoka mno, hata kudanganya kunataka nguvu. Nikainama nikazitema zote mbili kwenye kitambaa cheupe cha meza.

"Mbili!" Villy akaruka. "Ejvind, mzee wewe, umeweka mbili?"

"Huwa tunaweka mbili kwa ajili ya wajukuu wasigombane," Jonna akasema akicheka. "Ila hapa mjukuu ni nani?"

Ejvind hakucheka. Alizitazama zile lozi, akanitazama mimi. "Mimi niliweka moja," akasema.

Jonna ni mwanamke mwenye akili. Alimshika Villy mkono. "Twende tukawashe mishumaa ya mti."

"Lakini nguruwe apewe nani?"

"Twende, Villy."

Tukabaki wawili. Kutoka sebuleni tulimsikia Villy akiungua kidole na kutukana.

"Yangu niliitia kwenye upawa wako," Ejvind akasema. "Niliificha kiganjani tangu jikoni. Na wewe?"

"Kwenye aproni."

"Tangu lini?"

"Tangu mchana."

Akatikisa kichwa polepole. Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika. "Kumbe ulidhani nitakuacha ushindwe."

"Wewe ndiye uliyeweka zile kanuni. Nafasi tatu kwa moja."

"Nisingeweza kukwambia tu, twende. Lisingetoka mdomoni. Nilitaka nishindwe kwa haki, mbele ya Villy, nimwambie kesho uwanjani kwamba ilikuwa bahati." Akajaribu kutabasamu. "Sasa hata hilo limeharibika."

Nilitaka kuomba msamaha, nikaanza kulia badala yake. Sikulia kwa furaha, ingawa nyumba ya Hobro ilikuwa yangu na barua ningeiandika siku ya pili. Nililia kwa aibu. Nililala kando ya mtu huyo miaka arobaini na tisa, na haikunipitia akilini kwamba anaweza kunipa kitu ambacho sijakiiba.

Ejvind akaisogeza zawadi ya nguruwe mpaka mbele ya sahani yangu. Kisha akanyanyuka, akanisubiri, kwa sababu kwetu mti hauzungukwi na mtu mmoja, wote mnashikana mikono na kuuzunguka mkiimba, hata mkiwa wanne tu na mmoja wenu amevaa kaptura. Villy alishaanza wimbo, tena kwa kukosea ubeti. Nikashikwa mkono wa kushoto na Jonna na wa kulia na mume wangu, tukaanza kuzunguka, mishumaa ikitupiga joto usoni.

"Imba, mama," Ejvind akaniambia. "Si umeshinda?"